Mwanangu, kuhusu nguo za Jumatatu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma. Barua ya kazi imesema "mavazi nusu rasmi", ikaishia hapo, na sasa kitanda kimejaa nguo na hujui ushike ipi. Pole, mama. Usiumize kichwa kutafuta sheria, maana kila ofisi ina yake. Mwaka 1992 kampuni ya Levi Strauss ya Marekani iliwapelekea maofisa utumishi kijitabu cha kueleza mavazi ya namna hiyo, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiuza suruali za Dockers. Yaani mwalimu wetu alikuwa muuza suruali!

Siku ya kwanza zidisha unadhifu kidogo. Suruali ya kitambaa, nyeusi au ya buluu iliyokoza, blauzi iliyokaa vizuri mabegani, na koti. Ukiwakuta wenzako wamevaa kawaida, unalivua koti na kulitundika kwenye kiti, yameisha. Jinzi na raba ziache kwanza, hata kama uliziona siku ya usaili. Hujui zinaruhusiwa siku zipi.

Jambo ninalotaka ulishike ni moja: usijipime ukiwa umesimama wima mbele ya kioo. Ofisini nani anasimama kama sanamu? Kaa kitini, uone sketi inapanda mpaka wapi. Inama kama unaokota kalamu. Nyoosha mkono juu, halafu tazama kama blauzi imechomoka kiunoni au vifungo vya kifuani vinaachana. Sogea dirishani kwenye mwanga, hasa ukivaa nyeupe. Na chini ya blauzi nyeupe sidiria nyeupe ndiyo inayoonekana zaidi. Vaa ya rangi inayokaribia ngozi yako.

Mimi sikujipima. Nilinunua sketi ya kubana, nikaivaa kazini siku iliyofuata bila kujua kwamba mpasuo wa nyuma ulikuwa bado umefungwa kwa ule uzi wa alama ya X. Uzi ule huwekwa ili nguo isipoteze umbo kabla ya kuuzwa. Ukifika nyumbani unaukata. Nikapanda ngazi kwa haraka, uzi ukagoma, kitambaa kikakubali. Siku nzima nilitembea na faili nimelishikilia kwa nyuma, na kila aliyeniita nilimgeukia mwili mzima kama askari kwenye gwaride. Kazi niliyofanya siku ile hata siikumbuki. Kwa hiyo kagua mipasuo ya koti lako pia, na mifuko, maana nayo mara nyingi hushonwa.

Viatu? Vya chini vilivyofunika vidole vinatosha kabisa. Ukitaka mchuchumio, uvae kwanza nyumbani saa nzima ukifanya kazi zako. Na viatu vinunuliwe jioni, mguu ukiwa umeshavimba kidogo.

Tena, mkubwa wako akikwambia sketi ni fupi kwa ofisi yao, msikilize, ubadilishe. Lakini mtu akianza kuuzungumzia mwili wako, hapo si mavazi tena. Andika tarehe na maneno aliyosema, kisha unipigie.

Jumapili jioni nitumie picha ya ulichochagua. Uwe umekaa.

Mama yako