Shughuli, siyo sherehe: barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Salamu za Idi nilizokutumia mpaka leo zina tiki moja. Basi nakuandikia hapa, na wengine wasome.

Ile arobaini ya baba. Turubai limefungwa kwenye mwembe, watu wameshakula pilau, ukasimama na karatasi yako kushukuru. "Tunawashukuru kwa kujumuika nasi kwenye sherehe hii." Nikadakia kutoka nyuma, "Shughuli, siyo sherehe!" Watu wakacheka, hata shehe akainamisha kofia. Ukaikunja karatasi mara nne, ukaitia mfukoni, shukrani haijafika hata nusu. Usiku ukaniambia mimi na kamusi yangu twende tukamzike baba upya. Alfajiri hukuwepo.

Hilo la kumzika upya sijalimeza.

Lakini nani mwingine angekusahihisha? Miaka yote hiyo Dar, kazini Kiingereza, nyumbani na wanao Kiingereza. Lugha ni kama karabai ya wavuvi, usipoipiga pampu inafifia. Baba aliishia darasa la nne, na unalijua lile daftari lake pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, linakaa kando ya mizani. Redio ikitoa neno geni analiandika, vidole vinanuka dagaa. Barakoa aliiandika mwaka 2020. Kishikwambi alikiandika mwaka 2022, karani wa sensa alipokuja nacho nyumbani. Akamwambia alitamke tena neno hilo, halafu kutwa nzima akawa anawauliza wateja, "Wewe kishikwambi unacho?" Kwake neno lisilotumika siku ile ile lilikuwa bado halijawa lake.

Na mimi nafanya hivyo hivyo, ila kamusi yangu iko kwenye simu. Asubuhi natafuta neno moja na ukoo wake: soma, somo, msomi, kisomo, usomaji, somesha. Moja limekuja na ndugu watano. Kisha natunga sentensi ya mambo yangu mwenyewe, maana ile ya kwenye kamusi haikai kichwani. Jioni nasoma makala moja ya Wikipedia ya Kiswahili (nyingine zimeandikwa ovyo, na hizo ndizo nazipenda, nakaa nazinyoosha), au nasikiliza taarifa ya habari mtandaoni na kurudisha nyuma pale neno liliponipita. Redio ya baba haikuwa na kurudisha nyuma. Yote hayo nusu saa haifiki. Wewe unakaa foleni ya magari muda gani? Wategee wanao vitendawili humo humo garini.

Unaona sasa? Sikutaka kukuumbua. Nilitaka baba aagwe kwa maneno yaliyonyooka, mzee aliyeweza kugombana na mteja aliyewaita migebuka dagaa wakubwa. Na mimi ndiye niliyelala naye wodini, kwenye mkeka chini ya kitanda, wewe ukatuma hela. Haya, hilo halikuwa la kuandikwa hapa. Limeshatoka.

Juzi nikafungua kamusi nikalitafuta neno lako. Kumbe sherehe ina maana nyingine: yale maelezo ya maneno magumu yanayowekwa mwishoni mwa kitabu. Nikakaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima. Najua hukuikusudia maana hiyo, na shughuli inabaki shughuli. Lakini nimeiandika kwenye daftari la baba, chini ya kishikwambi, jina lako nimeliweka pembeni.

Mama amekuwekea ndoo ya dagaa, wale wa kwenye chanja, hawana mchanga. Anauliza ampe nani anayepanda treni wiki hii.