Barua ya wazi kwa vijana wachoraji wa Mombasa: igeuzeni picha ukutani

Wanangu wachoraji wa Mji wa Kale, Majengo, Likoni na Kisauni,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, nawaandikia kwa sababu mwezi uliopita walinijia wenzenu watatu, kila mmoja na picha mkononi, na zote tatu zilikuwa zingali zanata. Mmoja alikuwa ameianza yake juzi na tayari alikuwa na mnunuzi. Mkono wake niliupenda, lakini nilipomuuliza kwa nini jahazi lake linaelekea kulia, alinijibu kwamba majahazi yote yanayouzwa madukani yanaelekea kulia. Jibu hilo limeninyima usingizi.

Ombi langu kwenu ni moja. Picha mnayodhani imekwisha, igeuzeni iukabili ukuta, muiache hapo majuma matatu, kisha muigeuze siku ambayo mmekwisha kuisahau. Najua mtanijibu kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na kwamba mwenye nyumba hangojei rangi ikauke ndipo adai kodi yake. Nami nimedaiwa kodi, tena mara nyingi kuliko ninyi.

Rangi za mafuta hazikauki kama nguo iliyoanikwa kambani. Maji ya nguo huenda na upepo, ilhali mafuta ya kitani huvuta oksijeni ya hewani na kugeuka polepole kuwa ngozi ngumu, na kazi hiyo huendelea ndani kwa miezi hata baada ya kidole kupita juu bila kuchafuka. Ndiyo maana wakongwe walisisitiza kwamba tabaka la chini liwe na mafuta machache na la juu liwe na mengi zaidi. Mimi niliijua kanuni hiyo na nikaivunja kwa haraka. Miaka mingi iliyopita hoteli moja iliniagizia picha ya bandari ya kale. Nikaweka anga yenye mafuta tele, na baada ya siku mbili nikapitisha juu yake rangi nyepesi niliyoizimua kwa tapentaini. Mwaka haukwisha kabla anga ile haijapasuka kama tope la kidimbwi kilichokauka. Picha ilirudishwa imefungwa kwa magazeti, na fedha nikazirudisha. Ningali nayo, na hiyo peke yake sijaigeuza ukutani, kwa maana nataka initazame.

Mmoja wenu alinikumbusha kwamba Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya mbao za dari na rangi za baiskeli, na hakungoja miezi. Ni kweli, lakini rangi ile ya kung'aa hukauka upesi, na michoro yake ilikubaliana nayo: umbo lililo wazi juu ya uwanja mtupu. Kama mwataka kasi, chukueni vifaa vya kasi na mjifunze adabu yake. Msitake subira ya mafuta na haraka ya rangi ya baiskeli katika turubai moja.

Niseme pia habari ya mwanga, kwa kuwa wengi wenu mmesoma vitabu vilivyoandikwa Ulaya, navyo huagiza dirisha la chumba cha kazi lielekee kaskazini. Kule ni sawa, kwa sababu jua la mchana hukaa kusini mwaka mzima. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na tangu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua letu la adhuhuri hupita upande huo huo wa kaskazini. Mwaka wangu wa kwanza nilitii kitabu, na mwezi wa Juni kila nyekundu niliyoichanganya asubuhi ilikuwa imegeuka jambo jingine saa sita. Sasa nategemea mwanga unaogonga ukuta wa jirani, ng'ambo ya kichochoro, uliopakwa chokaa nyeupe, kisha ukaniingilia kwa upole. Mwaka mmoja jirani aliupaka rangi ya kijani kwa ajili ya Idi, na mwezi mzima nyuso zote nilizochora zilionekana zina homa. Ilinibidi nimnunulie chokaa.

Mnapoigeuza picha, msiigusishe na ukuta wenyewe. Kuta zetu za matumbawe huvuta chumvi na unyevu, na masika ikiingia, kuvu hutambaa nyuma ya turubai kabla hamjajua. Wekeni vipande viwili vya mbao katikati ili hewa ipite. Na katika majuma hayo msikae bure: wambeni turubai nyingine, osheni brashi, choreni kwa mkaa.

Nirudi kwa jahazi. Ndani ya Fort Jesus kuna michoro ya Wareno wa karne ya 17, ya mkaa na udongo mwekundu, na mna meli ndani yake. Itazameni, kisha mwitazame picha yenu iliyotoka kugeuzwa na kuiuliza kama mgeni: tanga hili limejazwa na upepo gani, kusi au kaskazi? Kama ni kusi, jahazi linakwenda wapi, na jua liko upande gani wa mlingoti? Yule kijana aliponiachia picha yake, niliigeuza. Alirejea baada ya majuma matatu, akaitazama kimya kwa muda mrefu, kisha akaomba kisu cha kukwangulia rangi. Mnunuzi alikasirika, lakini amekubali kungoja.

Chumba changu huwa wazi baada ya sala ya alasiri, kila siku isipokuwa Ijumaa. Njooni na picha msiyoipenda. Zile mnazozipenda ziacheni nyumbani kwanza.

Ni mimi mzee wenu,
Mji wa Kale, Mombasa