Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Umeme Tunaoulipia Mara Mbili

Ndugu wanachama wenzangu wa Ngamiani,

Hesabu za ada atazisoma mhazini mwenyewe, na shughuli za misiba na harusi ziko kwenye kitabu cha katibu. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote mwaka huu, yaani umeme unaolipiwa na fedha za umma.

Uchungu wa LUKU kila mtu hapa anaujua. Uniti tunazihesabu, na mtoto akiacha taa ya chooni inawaka anaitwa arudi kuizima. Lakini upo umeme mwingine tunaoulipia bila kuuona: wa taa za barabarani, maofisi, masoko, shule na zahanati. Ule nao unatoka kwenye ushuru, leseni na kodi zetu.

Siku moja, saa saba mchana, mimi na katibu tulikuta taa za barabarani zinawaka, na jua la Tanga mnalijua. Tulitoa taarifa, na baada ya kufuatilia sana akaja fundi. Nilisimama chini ya nguzo nikimtazama. Kile kikombe kidogo cha juu kinachohisi mwanga kilikuwa kimefunikwa na vumbi na kinyesi cha kunguru. Taa ilikuwa hailioni jua, kwa hiyo ikadhani ni usiku. Fundi alikipangusa kwa kitambaa, tukangoja kidogo, taa ikazima. Haikununuliwa hata skrubu. Niliumia nikifikiria ni miezi mingapi imewaka vile.

Kuna wanachama waliopendekeza taa zizimwe usiku wa manane. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Mama lishe wanaotoka nyumbani saa kumi alfajiri wanahitaji mwanga ule. Tunachotaka ni mwanga ule ule kwa umeme mdogo. Chukueni taa ya zamani ya sodiamu ya wati 250, wekeni ya LED ya wati 100. Usiku wetu ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo nguzo moja inaokoa uniti 657 kwa mwaka. Kwa shilingi 292 kwa uniti, kabla ya kodi, ni zaidi ya shilingi 190,000. Hiyo ni nguzo moja, na hakuna muuza ndizi aliyeongezewa ushuru.

Los Angeles, Marekani, ilianza kazi hii mwaka 2009, ikabadilisha taa zaidi ya 140,000, na umeme wa taa hizo ukapungua kwa zaidi ya nusu. Mfano ulionigusa zaidi, lakini, ni wa Stuttgart, Ujerumani. Tangu 1995 idara ya mazingira ya jiji hilo inazikopesha idara nyingine fedha, bila riba, ili zirekebishe majengo na mitambo yao. Mkopo unarudishwa kwa fedha inayookolewa kwenye bili, kisha unakwenda kwa jengo jingine. Fedha ni ile ile, inazunguka kama mchezo wa kina mama wa mtaani kwetu.

Kwenye maji pia kuna akiba. Maji ya Bwawa la Mabayani yanasukumwa kwa umeme kabla ya kutufikia, kwa hiyo bomba linalovuja mtaani linamwaga na umeme pamoja na maji. Mwanachama aliyeripoti lile la Barabara ya 12 namshukuru sana. Mafundi wa pampu wanajua pia kwamba pampu ikipunguzwa mwendo kwa moja ya tano, umeme wake unaweza kushuka karibu nusu, pale ambapo msukumo mkubwa hauhitajiki.

Kamati imeandaa barua kwa Halmashauri ya Jiji yenye maombi mawili. La kwanza, uniti zinazotumika kila mwezi katika kila jengo la umma zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa jengo hilo. La pili, fedha itakayookolewa itengewe kasma yake, yaani fungu lake kwenye bajeti, isimezwe na matumizi mengine. Ombi la kwanza ndilo nitakalolipigania zaidi, maana mita isiyosomwa na mtu haimtii mtu aibu.

Barua iko kwa katibu. Tunaomba saini zenu leo kabla ya chai, na kila mwenye duka karibu na nguzo inayowaka mchana amwandikishie mahali ilipo. Diwani ameahidi kutupokea wiki ijayo.