Shoga yangu, mzuie fundi asianze

Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema kaka yako kapata fundi wa kuitengeneza nyumba yenu ya Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, kwa saruji, wiki tatu tu, mkija Idi kutoka Muscat muikute tayari. Nakuomba, hizo fedha usizitume bado.

Nakwambia kwa yaliyonifika. Nilipoachiwa nyumba hii ya bibi, ukuta wa chini ulikuwa ukimwaga unga kila siku. Fundi wa mwanzo akaupiga plasta ya saruji, ukawa laini, nikamshukuru. Masika yalipoingia plasta ikavimba. Masika ya pili ikabanduka mapande kwa mapande, na mawe nyuma yake yamelainika, ukiyakwangua kwa kijiko yanatoka. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Maji hupanda kutoka ardhini na chumvi yake, na chokaa huyaachia yatoke yakauke. Saruji huyafungia ndani, nayo huzidi kupanda kutafuta njia, mpaka yakafika penye ncha za boriti. Siku moja nikapanda ngazi, nikachomeka kidole kwenye boriti ya mkandaa pale inapoingia ukutani, kikazama. Chini yake ndipo walipokuwa wakilala wanangu. Usiku ule tulihamia wote chumba cha mbele.

Unakumbuka Beit al Ajab, lilivyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika matengenezo, watu wawili wakafariki. Jumba la Sayyid Barghash, la mwaka 1883! Tangu siku ile nikiona ufa siwezi kuupita.

Sasa nina fundi mzee wa chokaa. Kwanza tulichukua kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, na wewe usithubutu kugusa hata dirisha bila hicho. Kisha tukabandua saruji yote, tukauacha ukuta wazi miezi mitano, ukauke. Chokaa tukairoweka pipani wiki nyingi kabla ya kuichanganya na mchanga. Hupakwa nyembamba, ikashika, ikapakwa tena, na kila tabaka hufunikwa magunia mabichi lisikauke kwa pupa. Mama alikuja kutazama, akatusimulia walivyokuwa wakilipigilia dari kwa vijiti huku wakiimba, siku nzima, mpaka likakaza. Alilia kidogo, nami nikalia naye.

Nyumba yenu nimeipitia juzi. Kuta bado zina nguvu. Kinachoiua ni maji ya mvua: bomba la bati limekatika, ukuta wa nyuma umerowa, na juu umeota mti. Msing'oe, mawe yatafuatana na mizizi. Ukatwe kidogo kidogo na mtu anayejua. Fedha yenu ya kwanza iende kwenye paa na bomba. Madirisha yafunguliwe kila wiki, nitakwenda mwenyewe nikipata ufunguo. Na mlango wenu wa nakshi, mtu asikudanganyeni mkauuza. Wanapita, wanauliza.

Mwambie kaka anipigie leo, kabla fundi hajashusha saruji. Chokaa iliyonibakia ipo pipani uani, imefunikwa maji, haiharibiki. Nimekuwekeeni nyinyi.

Nisalimie watoto.

Shoga yako wa Kiponda