Mama, zile tende zimezama kwa kosa langu

Nanjing, Ijumaa 11 Oktoba 2024

Assalaam alaykum mamaangu, shikamoo.

Zuwena mwanakwetu msomee mama yote, usiruke wala usifupishe kama ulivofanya ile ya Maulidi nikaja kuulizwa mambo ambayo nilishayaeleza. Na kama Shangazi Mwanaisha yupo hapo barazani msomee na yeye, sina ninachomficha.

Mama voisi zako zote nne nimezisikiliza, ya mwisho nimeirudia mara tatu. Ile ya kuwa mkate wa kumimina umeungua chini, tende zote zimegandia kwenye sufuria na juu mkate mweupe mtupu, na Shangazi akasema mbele ya wateja "Mchina kamharibu mtoto na mtoto anamharibu mama". Mie nimelia mama. Sikulilia mkate, mkate unapikwa mwengine, nimelia uliposema hutii tena kitu ndani na utarudi kumimina kama alivokuwa akimimina Bibi bas. Kosa ni langu. Nilikutumia picha ya mkate wa huku na maneno matatu, tia tende katikati, sikukueleza vipi, na wewe kwa kunipenda ukafanya siku ile ile tena kwa mchele wa biashara.

Kwa hiyo leo nnakueleza sawasawa, na leo khasa nimeichagua, maana huku ni siku ya wazee. Inaitwa Chongyang, tarehe 9 ya mwezi wa 9 kwa kalenda yao ya mwezi. Zamani siku hii watu walikuwa wakipanda mlimani, na walioko bondeni hawana mlima wakala mkate wa mchele badala yake, kwa sababu mkate ule wanauita gao na neno lao la "juu" nalo ni gao, matamshi yale yale, basi ukila ni kama umepanda. Toka 1989 serikali yao imeifanya siku ya wazee rasmi. Leo kwenye treni kila mtu amepakata kifuko cha gao anampelekea mamaake au bibi yake, mkate wa tabaka tabaka umetandazwa maharage mekundu katikati na juu tende zao na kokwa za kula. Na mie nilikuwa nacho changu. Nimekipakata mpaka hosteli, nimekifungua mezani peke yangu, nikakata cha kwanza nikakitenga kwenye kisahani, ndo chako hicho, bado kipo.

Sasa sikiliza nilivouona kwa mara ya kwanza. Karibu na Fuzimiao, kule mjini kwenye mto wa Qinhuai, kuna bibi mmoja ana meza ndogo na sufuria la maji linachemka, juu ya mfuniko kuna matundu yanatoa mvuke. Anauza zheng'er gao, ndo ya hapa hapa Nanjing. Ana vikombe vya mti vilivochongwa, anatia unga wa mchele nusu, anaweka kijiko cha ufuta mweusi uliosagwa na sukari au maharage mekundu yaliyopondwa, anafunika kwa unga tena, anausawazisha juu kwa kijiti, anakibandika kikombe juu ya tundu la mvuke, hujamaliza kutoa simu ya kulipia keshakitoa, keupe kama pamba, moto, ukiuma ndani sukari imeyayuka. Mama cha kwanza nilikila nimesimama hapo hapo, nikaagiza cha pili, nikaagiza cha tatu. Nimefika nyumbani nikaja kukiota!

Nikawa kila Jumamosi nipo pale mpaka akanizoea. Siku moja akaniuliza natoka wapi nikamwambia Sangjiba'er, ndo Zanzibar kwa Kichina, akaniambia anaijua, daktari wa mtaani kwao aliwahi kuja huko. Mama wale madaktari wa Kichina wa Mnazi Mmoja wanatoka jimbo hili hili la Jiangsu, wanakuja kwetu toka 1964, mwaka huu miaka 60. Basi toka siku ile akaniita nyuma ya meza. Mie! Watu wanapiga picha, mie nimefunga eproni nasawazisha unga, na kazi yangu aliikubali maana alikuwa haguzi tena vikombe vyangu.

Na hapa ndo pa muhimu kwako. Unga wao sio uji kama wetu. Sisi tunaroweka mchele usiku, tunausaga na tui, tunatia hamira na sukari na iliki, unaumuka, tunamimina. Wao wanachanganya unga wa mchele wa kawaida na wa mchele ule wa kunata, wanaunyunyizia maji kidogo kidogo huku wanausugua kwa viganja mpaka uwe na unyevu tu, halafu wanauchekecha. Bibi alinionesha kipimo chake, ukiukamata kwenye ngumi unashikana, ukiugusa kwa kidole unamomonyoka. Maji yakizidi mvuke haupiti na kati unabaki donge, yakipungua unatafuna unga mbichi. Sasa kwenye unga kama huo kitu chochote ukiweka kinakaa pale ulipokiweka. Kwenye uji wetu tende nzima itakaaje juu, nzito, lazima izame, na ikizama inakutana na moto wa chini na sukari yake, lazima iungue. Wala hujakosea wewe, mie nimekupa maarifa ya unga mkavu ukayatia kwenye uji.

Dawa yake nimeiona Guangzhou, nilipokwenda mwezi wa 8 kumpokelea Ami Khatib mizigo yake pale Xiaobei (mwambieni bado namdai shukrani, mabegi sita nimeyapandisha ngazi). Kule kusini wana mkate unaitwa baitanggao, mama wallahi nusura nipige ukelele. Mchele umerowekwa, umesagwa na maji, sukari, umeachwa uchachuke, umepikwa kwa mvuke, ukiukata ndani matundu yamesimama wima kama masega ya nyuki. Mkate wa kumimina mtupu! Umekosa tui na iliki tu, na una ukali kidogo wa kuchachuka kama ule wa kwetu ukilala. Asili yake ni Lunjiao, mji wa huko huko karibu. Nikasimama sokoni na kipande mkononi kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

Na pembeni yake palikuwa na wa tabaka tisa, jiucenggao, huo sasa ndo wenye jibu letu. Wanamimina uji kidogo, wanaupiga mvuke mpaka ushike, wanamimina tena juu yake, wanasubiri, wanamimina tena, mpaka tisa. Ule ni uji mama, uji kama wako, na kila tabaka limekaa mahali pake.

Basi fanya hivi. Tende zitoe kokwa, uzipondeponde na samli kidogo na iliki mpaka ziwe laini za kupakika, usitie nzima hata moja. Sufuria ikishapata moto mimina nusu ya uji tu, funika, moto wa juu kama kawaida. Ukiona uso umeshika, ukigusa kidole hakirudi na uji, hapo pakaza tende nyembamba, uache pembezoni upana wa kidole ili tabaka mbili zishikane. Halafu mimina nusu iliyobaki polepole kwa upawa, usiikoroge sana utaua umukaji wake. Makaa ya chini yapunguze kuliko unavofanya siku zote, ya juu ongeza, maana tende zina sukari yake. Anza na sufuria ndogo, ile ya Bibi ya mpini uliokatika, usianze na mchele wa biashara.

Na ukifaulu huo nna mwengine, wa chumvi. Najua utakunja uso. Huku wa chumvi ni wengi kama wa tamu, sisi tu ndo tumeshikilia sukari. Binti ninaekaa nae chumba kimoja ni wa Guangdong, kwao wanafanya luobogao, figili zinakunwa zinachanganywa na unga wa mchele na kamba wakavu wadogo, unapikwa kwa mvuke, ukipoa unakatwa vipande asubuhi unakaangwa mpaka kingo zinakuwa ngumu. Madukani wanatia soseji ya nguruwe kwa hiyo huko sili, ila yeye kanipikia wa kamba tupu, na uduvi wetu wa kule ungefaa zaidi, una harufu. Mama fikiria kipande hicho moto na chai ya maziwa saa moja asubuhi.

Habari ya nguruwe usiwe na wasiwasi, najua ndo swali lako la kwanza. Hata mikate ya tamu wengine hutia mafuta yake, Suzhou wana mmoja maarufu vipande vya mafuta vinaonekana kabisa, na maharage yale mekundu mara nyingine hukaangwa nayo, kwa hiyo mie siagizi bila kuuliza. Yule bibi wa Fuzimiao nilimuuliza mwanzo kabisa, akanionesha kopo lake, ufuta na sukari tu. Na kuna maduka ya Waislamu wa hapa yenye alama ya qingzhen, ndo halali ya huku. Leo nimesali Ijumaa msikiti wa Jingjue, ulijengwa mara ya kwanza 1388 mama, mti mtupu na mapaa ya vigae kama nyumba ya mfalme, sina la kuongeza. Ramadhani iliyopita sikukuu yao ya kuzuru makaburi iliangukia ndani ya mfungo, wanakula qingtuan, viduara vya kijani vya mchele wa kunata, ukijani ni maji ya majani mabichi, ndani maharage mekundu au mboga ya chumvi. Nilipanga foleni tangu alasiri, mie na ajuza wa Kihui, ndo Waislamu wa Kichina, mbele yangu wote tumefunga, tukafuturia pale pale barabarani. Nilimkumbuka Bibi. Kaburi lake nani anapalilia saivi?

Sasa Shangazi. Shangazi yangu nakuheshimu, wewe ndo ulonibeba nilipokuwa na surua na mama yuko hospitali, silisahau hilo. Lakini umesema mkate wa kumimina hautiwi kitu ndani toka enzi, na umelisema mbele ya watu wanaonunua. Mbona kwenye harusi ya Rahma ulitia zabibu juu ukasifiwa mpaka leo? Zabibu juu ni halali, tende ndani ni uharibifu? Mama anaamka saa tisa usiku toka mie sijazaliwa, mkate ule umetusomesha wote watano na kaka Hamad ndani yake. Akitaka kujaribu kitu aachwe ajaribu. Nakuomba umwambie neno zuri, na uliseme hapo hapo penye wateja, sio jikoni.

Na mengine nijisifu mama, nani atanisifu. Mtihani wa Kichina wa daraja la tano nimepita. Na siku ya vyakula vya mataifa hapo chuoni nilipika mkate wa kumimina kilo nne za mchele, sina makaa wala sufuria yako, nilitumia vyungu vya mvuke vya mianzi na tui la kopo. Nilimimina nusu, nikatia tende, nikamimina nusu, kama nilivokueleza. Umekwisha kabla ya vyakula vyote, mwalimu mmoja mtu mzima kafunga vipande viwili kwenye leso ampelekee mkewe. Nimeandika kibao kwa Kichina na kwa Kiswahili, na chini nimeandika jina lako, Mkate wa Bi Salma wa Mwembeladu. Picha anayo Zuwena.

Haya, ya fedha. Hamad kanipigia, anataka laki nne za harusi ya Rukia. Mie kabla ya Ramadhani nilileta laki mbili na thamanini za brenda kubwa ya mama, nikaambiwa imenunuliwa, kumbe zimeingia kwenye injini ya vespa na mama mpaka leo anapeleka mchele kusagisha kwa watu anasubiri zamu. Kaka yangu hilo limenikaa kifuani. Nilijinyima kwa ile. Harusi ya Rukia nitachangia laki moja, inshaallah, na laki tatu ni za brenda, na zote zinakwenda kwa Zuwena, na Zuwena ataingia dukani yeye na mama waichague wakiiwasha pale pale. Hamad rejesha kidogo kidogo, hata elfu kumi kwa mwezi, mpe mama mkononi, mie sihitaji kuziona. Sijakata undugu.

Hali yangu nzuri. Baridi imeanza na posho ya chuo mwezi huu imechelewa, hayo yatapita. Ila jioni kama hii huku saa mbili usiku na nyinyi huko ndo kwanza saa tisa alasiri, najua unachagua mchele kwenye ungo na redio imewashwa, na mie nakaa dirishani nasikia kabisa mawe madogo yanavolia unapoyatupa kwenye bati. Hata yule bibi nikimsikia anachekecha unga wake nafumba macho.

Amenipa kikombe kimoja cha mti, chenye umbo la ua, kimetumika mpaka kimekuwa cheusi. Ami Khatib akirudi mwezi wa 12 atakuja nacho, usikioshe kwa sabuni, kinashika harufu. Kesho usiku roweka mchele. Ukishamimina tabaka la pili mwambie Zuwena anipigie video kabla hujakata, nataka kuona kisu kinavoingia.

Mwanao,
Asha