Madawati 300 na karakana tano: tarehe ya kukukabidhi mzigo tunaipataje

Kila ifikapo Novemba simu zetu huanza kuita kwa swali lile lile. Shule inafunguliwa Januari, mwenye shule anataka madawati 300, na ameshapita Keko, eneo la mafundi samani Dar es Salaam, akaona karakana zilivyopangana. "Mafundi wote hawa, mnashindwaje kumaliza ndani ya wiki?" Ni swali la haki, na jibu lake ndiyo kazi yetu yenyewe. Sisi hatuna karakana kubwa. Tunachukua oda ambayo fundi mmoja haimudu, tunaigawa kwa karakana kadhaa, kisha tunahakikisha kinachotoka huku kinaingiana na kinachotoka kule.

Chukulia oda hiyo ni ya dawati la fremu ya chuma na mbao juu. Karakana tatu za kuchomelea kwa pamoja zinatoa fremu 30 kwa siku. Seremala mwenye mashine ya randa anakamilisha mbao za madawati 20. Fundi rangi anapiga 25. Mteja akisikia hesabu hii huishika ile 30, anagawa, anapata siku 10. Sisi tunashika 20. Mzigo wote utakwenda kwa mwendo wa randa, yaani siku 15 za kazi, hata tukiongeza wachomeleaji wanne. Tukiwaongeza tutapata rundo la fremu zisizo na mbao, zimelala nje kwenye unyevunyevu wa Dar es Salaam, zinaota kutu zikisubiri rangi. Kwa hiyo pesa ya kuharakisha, kama ipo, inakwenda kwa seremala: tumlipe zamu ya jioni, au tumtafute mwenzake mwenye mashine.

Kuna na suala la mafungu. Tungesubiri fremu zote 300 ziishe ndipo ziende kwenye rangi, kuchomelea kungekula siku 10 na rangi 12, jumla 22. Tunazihamisha sitini sitini. Siku ya tatu asubuhi fundi rangi anaanza fungu la kwanza huku wachomeleaji wakiendelea na la pili, na rangi inaisha siku ya 14. Gharama yake ni safari nyingi za kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, nasi tunaiandika wazi kwenye ankara.

Sasa vipimo. Karakana tatu zina tepu tatu, na tepu zilizochakaa ncha hazisomi sawa. Tofauti ya milimita 3 kwenye tundu la bolti huioni kwa macho, ila mbao iliyokwisha kutobolewa kwa seremala haitakaa. Ndiyo maana hatutumi vipimo kwa mdomo. Tunapeleka jigi: kiunzi cha chuma kizito ambamo fundi anapanga vipande vyake kabla ya kuchomelea. Jigi zote tumezitoa kwenye moja, na seremala ana bamba la kutobolea lenye matundu yale yale. Fremu ya kwanza ya kila karakana inapelekwa kwanza kwa seremala ikajaribiwe na mbao. Ikigoma, kazi inasimama hapo hapo.

Mteja anayetuambia "ongezeni sentimita moja tu kwenye mguu" huwa tunamkalisha na kikokotoo. Skwea paipu moja, yaani bomba la chuma la pembe nne, ina mita 6. Miguu ya sentimita 74 inatoka minane: hiyo ni 592, na hata diski ya kukatia ikila kama milimita 3 kila mkato, nafasi bado ipo. Ifanye 75. Minane ni 600 kamili, na diski bado haijala chake, hivyo wa nane unatoka mfupi. Sasa unapata saba kwa bomba. Miguu 1,200 iliyohitaji mabomba 150 inataka 172. Vipande vinavyobaki tunavitumia kwenye maungio mengine, lakini si vyote. Uamuzi wa namna hii ukiachiwa kila karakana, kila mmoja atakata kivyake, na mabomba yatakuishia kabla ya madawati. Tunaufanya sisi mezani, kabla ya kununua chuma.

Kuhusu ucheleweshaji, tuseme ukweli: fundi ukimuuliza "lini?" atakujibu kesho. Wala hakudanganyi, anatamani iwe hivyo. Ila ana wateja wake, na akipita mtu na pesa mkononi anataka geti, fremu zako zitasogezwa pembeni. Geti linalisha nyumba leo. Dawa tuliyoiona inafanya kazi ni kumlipa fungu lake siku ile ile linapopokelewa, na kila jioni kumuuliza swali jingine kabisa: zimebaki ngapi ambazo hazijachomelewa? Hapo "kesho" haina pa kukaa. Anatuma namba na picha kwa WhatsApp. Akiwa nyuma jioni mbili mfululizo, sehemu ya mzigo wake inahamia kwa mwenzake.

Kuhamisha kunawezekana kwa sababu michoro na jigi ni mali yetu, haviko kichwani mwa fundi. Wakubwa wa dunia nao walijifunza hili kwa moto. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin huko Kariya, Japani, kiliungua. Hicho ndicho kilichokuwa kinatengeneza karibu vali zote za breki za aina fulani kwa magari ya Toyota, na Toyota yenyewe ilikuwa na akiba ya saa chache tu. Mistari ya kuunganishia magari ikasimama. Michoro ikagawiwa kwa makampuni kadhaa, wakiwemo Brother wanaojulikana kwa cherehani, kila mmoja akatengeneza vali kwa mashine alizonazo, na baada ya siku chache magari yakaanza kutoka tena. Sisi tuko mbali sana na Toyota, lakini umeme ukikatika upande mmoja wa mji siku nzima, tunafanya kilekile kwa kirikuu na jigi mbili.

Upande wako wewe mteja, kinachoamua tarehe kuliko vyote ni mbao. Paini kutoka Mafinga mara nyingi inafika ikiwa bichi. Ukiifunga bolti hivyo hivyo, itasinyaa, ipinde, na mwezi wa tatu dawati linacheza. Inabidi ipangwe kwa vijiti katikati, upepo upite, wiki kadhaa. Ndiyo maana mbao tunainunua kwanza, na ndiyo maana oda ya Septemba ni nafuu kwetu sote kuliko ya Novemba, wakati mvua za vuli zimeshaanza na rangi nayo inagoma kukauka.

Ukitaka bei, tutumie idadi na madarasa yatakayotumia, maana dawati la darasa la kwanza si la kidato cha nne. Tuambie pia kama lori la kanta linafika hadi getini. Sampo, yaani dawati la mfano, tutaileta shuleni: ikalie, itikise, waite walimu nao waikalie, kisha usaini. Ukishasaini, tunaanza kukata mabomba, na kuanzia hapo badiliko lolote la kipimo lina bei yake.