Chipsi Zinatoka Nyeusi? Usikimbilie Kumwaga Mafuta

Mteja anayelalamika kwamba chipsi zake zinatoka nyeusi na chungu, mara nyingi keshabadilisha mafuta na keshapunguza moto, lakini wapi. Sisi tunaomuuzia viazi humuuliza kwanza: viazi ulivihifadhi wapi? Jibu huwa friji, au chumba cha baridi kimoja na nyama.

Kiazi kikikaa kwenye baridi chini ya nyuzi 6 hivi, wanga wake huanza kugeuka sukari. Kwa macho huoni kitu. Kigumu, hakijachipua, hata kinapendeza. Kitie kwenye mafuta sasa: nje kinageuka kahawia kabla ndani hakijaiva. Sukari hiyohiyo, kwenye moto mkali, ndiyo inayozidisha akrilamaidi, kemikali ambayo wataalamu wa afya wanashauri ipunguzwe kwenye chakula.

Ndiyo maana ghalani kwetu viazi vya chipsi hukaa kati ya nyuzi 8 na 10. Joto likizidi hapo kwa muda mrefu vinachipua na kunyauka. Vikiwa vimetoka tu shambani huviweka kwanza kwenye nyuzi kama 15 kwa wiki mbili hivi, ili michubuko ya jembe ifunge. Haviwekwi vikiwa vimeoshwa, na hewa ya ghala huwa na unyevu mwingi ila isiyotuama. Giza ni lazima, kwa sababu mwanga huleta ukijani, na ukijani ni dalili ya sumu ya solanini. Hapo hatubembelezani na kiazi.

Kama vyako vimeshapigwa na baridi, usivitupe. Vitoe, vikae gizani kwenye nyuzi 15 hadi 18 kwa wiki mbili au tatu. Sehemu kubwa ya sukari itapungua. Pima kwa kukaanga vijiti vichache vya majaribio. Viazi vilivyopata sukari kwa kuzeeka ghalani havirekebishiki kwa njia hii. Hivyo vya uzee vichemshe au uviponde.

Tazama pia weusi umekaa wapi. Ukiwa kwenye ncha moja tu ya kijiti, upande kiazi kilikoshikana na mmea, tatizo huwa limeanzia shambani, kwa ukame au joto kali, na hakuna ghala litakalolitibu. Kwa hiyo kabla ya kupakia mzigo wako tunakata viazi kutoka magunia mbalimbali na kuvikaanga. Ncha zikitoka nyeusi, mzigo huo hauji kwako.